Cheo cha Mtu na Urefu wa Maisha Yake

Husemwa na wengi kwamba kifo hakimchagui tajiri wala maskini. Msemo huu huwafariji waliofiwa, nasi hatuna nia ya kuwanyang'anya faraja yao. Lakini askari, ambaye kazi yake ni kutazama mambo yalivyo na kumpelekea mkubwa wake ripoti ya kweli, hapaswi kuyachukua maneno ya matangani kuwa ushahidi. Kifo humfika kila mtu. Hilo halina ubishi. Swali ni humfika lini, na hapo ndipo kinapochagua, tena kwa mpango ambao mtu akishauona mara moja hawezi kuusahau.

Tuanze karibu na kambini. Busanza ipo katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa mji wa Kigali. Askari aijuaye Kanombe huijua kwa uwanja wa ndege, kwa kambi, na kwa Hospitali ya Kijeshi iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya watu wa jeshi, ambayo siku hizi hupokea raia pia kwa wingi. Ni katika Busanza hiyo yalipojengwa majumba ya ghorofa yenye makao zaidi ya elfu moja kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Kangondo na Kibiraro, katika sekta ya Remera, wilaya ya Gasabo. Mpango wa kuwahamisha ulianza kutekelezwa baada ya kutangazwa mwaka 2017, na wa mwisho waliondoka Septemba 2022. Wengi wao hawakuridhika. Walitaka walipwe fedha badala ya kupewa nyumba, na shauri lao lilifika mahakamani. Hatukusudii kulihukumu upya shauri hilo katika ukurasa huu. Tunakusudia kuuliza swali moja ambalo si la mwanasheria wala la mpima ardhi: je, mtu aliyetoka Kangondo akaja Busanza ameongezewa miaka ya kuishi?

Kangondo na Kibiraro walijulikana zaidi kwa jina la Bannyahe. Jina hilo ni swali, na kwa Kiswahili cha heshima maana yake ni: haja wanaiendea wapi? Waliopaita hivyo hawakuwa wakitania sana, maana vyoo vilikuwa haba na watu walikuwa wengi. Nyumba zilisongamana kwenye mteremko, maji machafu yakipita mlangoni mwa huyu kuelekea mlangoni mwa yule. Na hatua chache tu kutoka hapo ni Nyarutarama, mtaa wa majumba ya kifahari na uwanja wa gofu. Mvua iliyonyesha pande zote mbili ilikuwa moja. Upepo ulikuwa mmoja, na mbu hawakuwa na mpaka. Kama maradhi yangekuwa mambo ya hewa na mwinuko wa ardhi, watu wa mitaa hiyo miwili wangeugua sawasawa na kuzikwa wakiwa na umri ule ule.

Jambo hili lilichunguzwa zamani na mtu wa jeshi. Louis-René Villermé alikuwa daktari mpasuaji katika majeshi ya Napoleon. Vita vilipokwisha alikaa Paris, akachukua hesabu za vifo za wilaya 12 za mji huo, za kuanzia mwaka 1817 hadi 1821, akazipanga. Madaktari wa siku zile waliamini kwamba watu huuawa na upepo mbaya, ukaribu wa mto, uchache wa jua au msongamano wa majumba. Villermé alizijaribu sababu hizo moja baada ya nyingine kama mtu anayejaribu funguo katika kufuli, na hapakuwa na iliyoingia. Kilicholingana na vifo kilikuwa uwezo wa wakazi. Walikokaa wenye mali, watu walikufa wachache. Walikokaa mafukara, walikufa wengi.

Mwaka 1829 Villermé alichapisha hesabu nyingine, nayo inawahusu zaidi wasomaji wetu. Alipima vimo vya vijana walioitwa jeshini. Akaona kwamba palipo na chakula cha kutosha, nyumba nzuri na mavazi, na ambapo watoto hawakuteswa na kazi nzito, vijana walikuwa warefu zaidi na walikua mapema zaidi. Kwa maneno mengine, fimbo ya kupimia kuruti ilikuwa inapima pia sahani aliyolia akiwa mtoto.

Fimbo hiyo haijaacha kusema ukweli. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 33 walikuwa wamedumaa. Lakini wastani huficha mambo. Katika sehemu ya tano ya watu walio maskini kabisa, waliodumaa walikuwa 49 katika 100. Katika sehemu ya tano ya wenye uwezo zaidi walikuwa 11. Mtoto aliyedumaa hakupungukiwa urefu peke yake. Mwili wake huwa dhaifu mbele ya kuhara na homa ya mapafu, akili yake hupata taabu darasani, na akipona hayo yote huingia utu uzimani na deni ambalo hakulikopa. Baadhi ya watoto wale watasimama mbele ya maafisa wa kuandikisha askari kabla ya mwaka 2040. Waingereza walilijua jambo hili kwa njia ya fedheha. Walipopigana na Makaburu huko Afrika Kusini, mwaka 1899 hadi 1902, vijana wa miji yao ya viwanda walijitokeza kwa maelfu na maelfu wakarudishwa nyumbani kwa udhaifu wa mwili. Kamati ya serikali ikakaa, ikatoa ripoti mwaka 1904, na mwaka 1906 ikapitishwa sheria ya kuwezesha watoto wa shule kupewa chakula. Hatuwasifu kwa huruma. Dola ya kibeberu ilihitaji mabega ya kubebea bunduki, ndipo ilipokumbuka matumbo ya watoto.

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo ya watu wenye njaa, na mtu akishashiba na kupata daktari, vyeo havina kazi tena. Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa, mpaka ulipofanyika uchunguzi wa Whitehall, mtaa wa ofisi za serikali jijini London. Tangu mwaka 1967 walipimwa wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali. Hapakuwa na mwenye njaa miongoni mwao. Wote walikuwa na mshahara, wote waliketi katika majengo yale yale, na wote walikuwa na haki ya kutibiwa bila malipo, kwa kuwa huduma hiyo ilianza nchini mwao mwaka 1948. Baada ya kuwafuatilia kwa miaka kumi, daktari Michael Marmot na wenzake walikuta kwamba watu wa daraja la chini kabisa, yaani matarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wakubwa wa juu. Na si hilo tu. Wa daraja la pili walikufa mapema kuliko wa daraja la kwanza, ingawa wa daraja la pili nao walikuwa watu wenye suti na magari. Ilikuwa ngazi kamili, pandio kwa pandio.

Hapa mwenye nyota begani asicheke, na mwenye tepe mkononi asikate tamaa. Hatusemi kwamba kila koplo atazikwa kabla ya kanali wake. Tunasema kwamba ukichukua watu wengi na kuwapanga kwa vyeo, umri wao wa kufa hujipanga pia. Sigara, shinikizo la damu na mafuta mwilini vilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti ile. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha jambo ambalo mtu wa amri atalielewa kwa haraka: mtu anayedaiwa kazi nyingi huku hana kauli juu ya kazi hiyo, hapangi saa yake wala hajui kesho ataamriwa nini, moyo wake huchoka kabla ya wakati. Mzigo humchosha zaidi asiyeruhusiwa kuamua aushike vipi.

Na Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa, nao umeandikwa katika majina ya mitaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Askari wetu husoma habari za vita hivyo kwa mapigano yake: Tanga, Mahiwa, na kuingia kwa Wabelgiji Kigali Mei 1916. Lakini waliokufa wengi hawakuwa na bunduki. Wapagazi walioandikwa rasmi kuwa wamekufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo. Risasi iliwaua wachache. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Wengine walikuwa wamezoea ndizi na viazi, wakapewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na wasipewe muda wala sufuria ya kuupika ukaiva. Wengi hawakupewa blanketi za kutosha penye baridi. Pori lilikuwa moja, mbu walikuwa wale wale, na hata amri zilitoka kwa wakubwa wale wale. Lakini aliyekuwa juu ya orodha alipata hema, chandarua na kwinini, na aliyekuwa chini kabisa alipata mzigo. Kama kuna anayetaka kujua maana ya cheo katika mambo ya afya, basi na asome habari za wapagazi.

Twageukia sasa ushahidi ulio hai, nao ni askari mwenyewe. Kijana hutoka kilimani, mtoto wa mkulima mwenye shamba dogo, akaingia chuoni. Kuanzia siku hiyo hula kwa saa. Hulala kitandani. Hunywa maji yaliyokaguliwa, huvaa viatu, na akiugua huulizwa na mkubwa wake kwa nini hakuripoti mapema. Mshahara wake una tarehe. Bima ya matibabu ya jeshi, iitwayo MMI, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, humlinda yeye na nyumba yake, na polisi nao wamo. Ndugu yake wa tumbo moja amebaki kilimani. Damu ni moja, mama ni mmoja, malezi ni yale yale. Baada ya miaka ishirini watazame wawili hao wamekaa kwenye benchi moja siku ya arusi ya mtoto wa dada yao, ukisie nani mkubwa kwa nani mdogo. Kama maradhi ya maskini yangetokana na uvivu au uchafu wa tabia, kama wanavyosema watu walioshiba, basi kuruti angeingia nayo kambini na asingepona kamwe. Kumbe huyaacha langoni.

Haifai kuzungumza hivi bila kutaja yaliyofanyika. Bima ya afya ya jamii, yaani mutuelle, ilijaribiwa kuanzia mwaka 1999 katika wilaya za afya za Byumba, Kabgayi na Kabutare, ikaenea nchi nzima. Mwaka 2011 michango ilipangwa kwa uwezo wa mtu: wengine faranga 7,000 kwa mwaka, wengine 3,000, na maskini kabisa 2,000 ambazo walilipiwa. Mwaka 2000, katika watoto 1,000 waliozaliwa, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2019 na 2020 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 45. Hayo si maneno ya jukwaani. Ni watoto wanaotembea barabarani leo.

Lakini kadi ya bima haina miguu. Haimbebi mgonjwa kutoka kilimani. Anayelipwa kwa siku akienda kituo cha afya hupoteza siku, na siku hiyo ndiyo chakula cha jioni cha watu watano. Hivyo husubiri. Husubiri kikohozi kipite, husubiri kichwa kiache kugonga, husubiri mpaka miguu ivimbe. Akifika hospitali, ile sehemu ya kumi ya gharama ambayo mwenye mutuelle hudaiwa huwa imekua, kwa sababu ugonjwa wenyewe umekua. Mwenye mshahara wa mwezi huenda siku ya pili ya homa, na mshahara wake haujui kwamba aliugua. Daktari ni yule yule, na dawa ni ile ile. Tofauti ni siku ambayo kila mmoja alifika, na katika maradhi ya moyo, ya figo na ya kizazi, siku hiyo ndiyo mpaka wa kupona na kufa.

Na sasa twaweza kulijibu swali letu la Busanza. Je, aliyehamishwa ameongezewa miaka? Twasema ndiyo, lakini si yote aliyostahili.

Ameongezewa, kwa kuwa ameondolewa mambo ambayo huua bila kelele. Sasa ana choo na maji safi, na ukuta wake hauyeyuki. Anayedharau ukuta akumbuke usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalipowaua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Mvua ile haikuchagua mlima, lakini nyumba ya udongo kwenye mteremko mkali ni nyumba ya asiye na mahali pengine pa kujenga. Katika jambo hili serikali ilikuwa na haki ya kuhangaika.

Hakuongezewa yote, kwa kuwa nyumba ilihama lakini kazi haikuhama. Bannyahe haikuota pale kwa bahati. Iliota kando ya Nyarutarama kwa sababu Nyarutarama ilihitaji wa kufua, wa kulinda, wa kupalilia bustani na wa kubeba zege, nao walikwenda kwa miguu. Kutoka Busanza pana nauli ya kwenda na nauli ya kurudi, na hutolewa kabla faranga ya kwanza haijapatikana. Wengine walikuwa na vyumba viwili vitatu walivyopangisha, na kodi hiyo ndiyo iliyowalipia watoto karo na mama zao mutuelle; ndani ya makao ya ghorofa hakuna cha kupangisha, na wenye familia kubwa walilalamika kwamba hata wao wenyewe hawatoshi. Sisi hatuoni kwamba mtu anayelalamika hivyo ni mkorofi. Anajua, ingawa hajasoma habari za Whitehall, kwamba kupata choo na kupoteza kipato ni kupanda pandio moja na kushuka jingine. Majumba yakijengwa tena mahali pengine, kituo cha basi, soko na karakana vihesabiwe katika ramani pamoja na mabomba. Hivyo navyo ni vifaa vya afya.

Tuna neno pia kwa ndugu zetu wa polisi. Kazi ya kulinda amani mahali watu wanapohamishwa huwaangukia wao, na kazi ya kuwaondoa wachuuzi wa barabarani huwahusu vilevile. Sheria ya mji hairuhusu uchuuzi huo, na masoko madogo yamejengwa kwa ajili yao. Hatumwambii polisi aivunje sheria aliyoapa kuilinda. Twamwambia ajue kilichomo ndani ya kikapu. Ndani ya kikapu cha parachichi mna mtaji wote wa mama yule, na ndani ya mtaji huo mna mchango wa mutuelle wa mwaka, na nauli ya kwenda kupima shinikizo la damu. Kikapu kikimwagika mtaroni, kilichomwagika si parachichi tu. Pana tofauti kubwa kati ya polisi anayemwongoza mchuuzi hadi kwenye meza ya soko na polisi anayekimbizana naye, ingawa wote wawili wameitekeleza amri ile ile.

Na majeshi yetu yana desturi njema ya kutoka na kuwahudumia wananchi. Madaktari wa kijeshi huenda vijijini kutibu, na vikosi hujenga nyumba na kufikisha maji. Watu hupenda kuhesabu waliotibiwa, kwa sababu mgonjwa aliyeona tena baada ya kutolewa mtoto wa jicho ni habari nzuri ya kupigia picha. Sisi, kwa upande wetu, twaona bomba la maji limefanya kazi kubwa zaidi, ingawa halipigwi picha.

Twaomba jambo moja dogo, ambalo halihitaji bajeti wala sheria mpya. Pale daktari anapoandika katika daftari jina na umri wa mgonjwa, au polisi anapoandika habari za mtu aliyekutwa amekufa, waongeze mistari miwili: alifanya kazi gani, na alikaa mtaa gani. Kalamu ipo, na dakika moja yatosha. Villermé hakuwa na zaidi ya madaftari ya Paris. Hospitali ya Kanombe ipo katika sekta moja na Busanza, na wagonjwa wa Nyarutarama na wa vilima vya mbali hufika huko pia. Baada ya miaka kumi daktari wa kijeshi aweza kuketi na madaftari hayo, akaweka Busanza upande huu na Nyarutarama upande ule, akahesabu.